Kupona Vizuri Nyumbani Baada ya Upasuaji wa Urembo

Mazungumzo kwa wakazi wa Kitengela na Kajiado



Mada ya leo huzungumzwa kwa kunong'ona. Mama wa Kitengela anayekwenda Nairobi kukaza tumbo baada ya kuzaa watoto wanne huwaambia majirani kwamba anakwenda semina. Kijana wa Ilbisil anayetaka ndewe zake zishonwe huondoka amevaa kofia na kurudi amevaa kofia. Hakuna anayelazimika kutangaza mambo ya mwili wake, na siri ya mgonjwa inalindwa na sheria. Hata hivyo siri hiyo ina gharama, na gharama yake huja usiku wa pili au wa tatu, mtu akiwa peke yake chumbani, homa imepanda, bendeji imelowa, na hakuna hata mtu mmoja nyumbani anayejua kilichofanyika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na anayeficha kidonda cha upasuaji yumo katika hatari hiyo hiyo.

Wakenya waliliona hilo Oktoba 2024. Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza mafuta katika kliniki moja ya Nairobi alipata matatizo baada ya upasuaji, akafariki dunia siku chache baadaye. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, linalojulikana kwa kifupi kama KMPDC, liliifunga kliniki hiyo uchunguzi ukifanywa. Magazeti yaliandika sana kuhusu kliniki na leseni, na ilikuwa sawa kuandika hivyo. Jambo ambalo halikuandikwa sana ni siku zinazofuata mtu akishatoka mezani: nani anamwangalia, anakula nini, analala vipi, na dalili gani zinafaa kumrudisha hospitali haraka. Mazungumzo haya yanahusu siku hizo.

Kwanza neno kuhusu upasuaji wenyewe, kwa sababu wapo wanaodhani ni anasa ya matajiri tu. Kazi ya daktari anayepunguza mafuta na ya daktari anayeshona mdomo wa mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura, au anayenyoosha shingo iliyovutwa na kovu la moto, hutoka katika taaluma moja. Hata Amref ilizaliwa na taaluma hiyo. Mwaka 1957 madaktari watatu wa kurekebisha maumbile, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege wa Afrika Mashariki. McIndoe alikuwa amepata sifa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa kuwatibu marubani walioungua nyuso na mikono. Wazo la huduma hiyo lilizungumzwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mlima ambao mtu wa Loitokitok huuona akifungua mlango asubuhi.

Katika Kajiado upasuaji wa aina hii una sura yake. Wako wanaokaza tumbo, wanaofyonza mafuta, wanaopunguza matiti makubwa yanayoumiza mgongo, na wanaoondoa makovu. Wako pia wengi wanaorudisha ndewe za masikio zilizotobolewa na kuvutwa tangu utotoni kwa desturi ya Kimaasai. Ndewe ndefu ni heshima, na mzee anayezitembeza na shanga zake hana cha kurekebisha. Lakini yupo kijana anayefanya kazi mjini na kuchoka kuulizwa maswali, na yupo mama ambaye ndewe yake ilikatika ikabaki vipande viwili vinavyoning'inia. Uamuzi ni wa mwenye sikio. Ajue tu kwamba sehemu ya ngozi iliyovutika hukatwa na kutupwa, na kwamba ndewe ikishashonwa hairudi ilivyokuwa.

Sasa kupona. Kazi yake huanza kabla ya upasuaji, nyumbani. Mtu atakayepewa dawa ya usingizi hafai kuendesha gari, kunywa pombe, kutia sahihi hati wala kubaki peke yake kwa saa 24 zinazofuata. Hiyo ina maana kwamba mtu mmoja mzima lazima ajue. Anaweza kuwa dada, rafiki, mume au jirani mwenye kifua cha kuhifadhi siri, lakini awe mtu anayeweza kulala chumba kimoja na mgonjwa na kupiga simu usiku wa manane. Anayetaka kumficha kila mtu hajawa tayari kupasuliwa.

Usafiri nao upangwe. Kutoka Nairobi hadi Kitengela ni takriban kilomita 30, na kila mtu anajua foleni ya Athi River inavyoweza kuzifanya ziwe safari ya saa 2. Kajiado mjini ni takriban kilomita 80, na Namanga ni maradufu ya hapo. Aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo au wa kufyonza mafuta afadhali alale karibu na hospitali usiku wa kwanza na wa pili, hata kama ni kwa jamaa Kitengela, kuliko kufika Mailua usiku na kuanza kutafuta gari la kurudi. Boda boda haifai kabisa. Matatu ikilazimu, akae kiti cha mbele chenye nafasi ya miguu, aweke mto mdogo kati ya tumbo na mkanda, na safari ikiwa ndefu gari lisimame kila baada ya saa moja ashuke atembee hatua chache.

Hatua hizo chache si za kupumzisha mwili tu. Mtu akilala bila kujongea baada ya upasuaji, damu inaweza kuganda kwenye mishipa ya miguu, kisha donge likasafiri hadi mapafuni. Hiyo ni moja ya sababu kubwa za vifo baada ya upasuaji, na kinga yake ya kwanza haihitaji fedha: kuinuka kitandani siku ile ile daktari akiruhusu, kutembea polepole ndani ya nyumba mara kadhaa kwa siku, kukunja na kukunjua vifundo vya miguu akiwa amelala, na kunywa maji ya kutosha. Aliyewahi kupata damu iliyoganda, anayetumia vidonge vya kupanga uzazi au mwenye uzito mkubwa amwambie daktari mapema, kwa kuwa anaweza kuhitaji sindano za kuzuia kuganda.

Maumivu huwa makali zaidi siku 2 au 3 za mwanzo. Kosa linalojirudia ni kungoja hadi maumivu yashike ndipo dawa imezwe. Kufikia hapo dawa huchelewa kuyatuliza. Siku hizo za mwanzo dawa inywewe kwa saa zilizoandikwa. Tembe za paracetamol za miligramu 500 zisizidi 8 kwa saa 24 kwa mtu mzima, na ikumbukwe kwamba dawa nyingi za mafua za dukani zina paracetamol ndani yake, hivyo mtu anaweza kuzidisha bila kujua. Dawa za dukani zenye aspirini ziepukwe mpaka daktari aseme, kwa sababu huzuia damu kuganda na kidonda huweza kuvuja. Anayenunua dawa ya kichwa kwenye kioski amwulize muuzaji au asome karatasi. Dawa kali za maumivu nazo hufunga choo, na kujikaza chooni na tumbo lililoshonwa ni mateso. Papai, maji, mboga na uji wa wimbi husaidia.

Uvimbe huongezeka kabla ya kupungua. Siku ya 2 na ya 3 uso au tumbo linaweza kuonekana baya kuliko siku ya kwanza, na wengi hutazama kioo wakalia. Machozi hayo ni ya kawaida. Mwili umechoka, usingizi umevurugika, na matokeo bado yamejificha chini ya uvimbe na michubuko. Mgonjwa aliyeonywa mapema hulia kidogo, na asiyeonywa huanza kuwatafuta watu wa kumpa dawa nyingine. Baada ya kufyonza mafuta, sura halisi huanza kuonekana baada ya miezi kadhaa, na ganzi kwenye ngozi inaweza kudumu muda kama huo. Huzuni isiyoondoka wiki hadi wiki, au mawazo ya kujidhuru, ni ya kupelekwa hospitali kama homa.

Vazi la kubana linalotolewa baada ya kupunguza mafuta au kukaza tumbo huvaliwa kwa wiki kadhaa, mara nyingi karibu 6, mchana na usiku, na kuvuliwa wakati wa kuoga tu. Joto la Kajiado hulifanya vazi hilo adui. Awe nayo mawili, moja likifuliwa lingine livaliwe, na fulana nyepesi ya pamba ikae chini yake. Likibana hadi ngozi inageuka rangi au kufa ganzi upya, limekaa vibaya.

Namna ya kulala hutegemea mahali palipopasuliwa. Aliyekazwa tumbo hulala chali, kichwa kimeinuliwa na mto chini ya magoti, ili mshono usivutwe. Siku za mwanzo hutembea ameinama kidogo kama anayebeba mzigo, na hilo halina ubaya. Aliyefanyiwa uso au masikio hulala ameinua kichwa kwa mito 2 au 3 na asilalie ubavu. Kwenye kitanda cha ngozi katika enkaji, blanketi zilizokunjwa zinafanya kazi ile ile ya mito.

Halafu kuna maji, upepo na vumbi. Kidonda kwa kawaida hufunikwa na kuwekwa kikavu kwa saa 48 za kwanza, kisha huoshwa kwa maji safi na sabuni isiyo kali na kukaushwa kwa kuguswa taratibu, bila kusugua. Maji ya bomba la kisima yenye chumvi, maji ya boza yaliyokaa tangini, au maji ya bwawa yanayonyweshewa mifugo yachemshwe na kupozwa kwanza. Wakati wa kiangazi, upepo unapobeba vumbi la barabara mpaka ndani ya nyumba, kidonda kifunikwe kwa bendeji safi na mgonjwa akae mbali na zizi na nzi. Majivu, samadi, asali ya kuokota na majani yaliyopondwa yasiwekwe kwenye mshono. Pepopunda huingia kwa njia hiyo. Aliyerudi na mrija wa kutoa majimaji apewe chupa ya kupimia, daftari na kalamu, na kila siku aandike kiasi na rangi. Daktari huutoa mrija kwa kuangalia namba hizo.

Chakula si tatizo kubwa kwa wafugaji. Ngozi hujengwa kwa protini, na nyama, maziwa, mayai, maharagwe na ndengu zinazo. Maini na mboga za majani hurudisha damu iliyopotea. Supu ya mifupa ni nzuri. Pale wazee wanapotia magome ya olkiloriti au mizizi mingine, mgonjwa ataje mbele ya daktari jina la dawa hiyo na kiasi chake kabla ya siku ya upasuaji, kwa sababu baadhi ya mitishamba huchanganyika vibaya na dawa za usingizi na za damu. Daktari mzuri hatamcheka. Mwenye kisukari apime sukari yake mara nyingi kuliko kawaida, maana sukari ikipanda kidonda hukawia.

Tumbaku inahitaji kusemwa waziwazi. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyoshonwa isipopata damu hufa na kuwa nyeusi ukingoni. Madaktari hutaka mvutaji aache angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada. Hapa kwetu wapo wazee na akina mama ambao wakiulizwa kama wanavuta sigara hujibu hapana kwa moyo safi, na mfukoni wana kikopo cha ugoro. Ugoro ni tumbaku. Unahesabiwa sawa. Moshi wa kuni ndani ya nyumba isiyo na dirisha nao humletea mgonjwa kikohozi, na kila kikohozi huvuta nyuzi za tumbo. Apikiwe nje kwa wiki chache ikiwezekana.

Kazi ndiyo inayowaangusha wengi, hasa akina mama. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Baada ya kukaza tumbo mtu haruhusiwi kuinua mzigo kama huo kwa takriban wiki 6, na mzigo huo ni pamoja na mtoto anayelia mikononi mwa mwingine, gunia la makaa, ndoo ya maziwa na kreti la nyanya sokoni. Mume aliyekubali mkewe apasuliwe amekubali pia kuchota maji kwa wiki 6, au kulipa wa kuchota. Hesabu hiyo iwekwe pamoja na bei ya upasuaji. Bima nyingi hazilipii upasuaji wa urembo tupu, kwa hivyo familia ijiandae na akiba ya kurudi hospitali pia, isiwe pesa zote zimeishia mezani. Mfanyakazi wa ofisini kwa kawaida huhitaji wiki moja hadi mbili kutegemea upasuaji.

Kwa aliyeshonwa ndewe mambo ni mepesi lakini yana utaratibu wake. Kwa kawaida hutiwa ganzi ya sehemu tu, akatoka siku hiyo hiyo akitembea. Nyuzi hutolewa baada ya siku 7 hadi 10. Kabla ya hapo helmeti ya boda boda isivaliwe, shuka isivutwe kupitia kichwani, simu iwekwe kwenye spika, na ukanda wa kubebea mtungi unaopita kwenye paji la uso uwekwe kando. Mchungaji akae mbali na mbuzi wanaopenda kutafuna kila kinachoning'inia. Kuna wanaocheka wakisikia hilo, ila wachungaji hawacheki.

Hatari kubwa ya sikio huja polepole. Ngozi nyeusi ina mwelekeo wa kutoa keloidi, yaani kovu linaloendelea kukua likapita mipaka ya kidonda, na ndewe ni mahali linapopenda sana. Linaweza kuanza miezi kadhaa baada ya mshono kupona, kwa muwasho na kigumu kidogo kama punje ya hindi. Vijana hupata zaidi kuliko wazee. Mwenye keloidi kifuani, begani au mahali pa chanjo, au ambaye mama yake au ndugu yake anayo, aseme kabla ya kisu kugusa sikio. Ikianza, arudi mapema. Daktari anaweza kuchoma sindano ndani ya kovu, kutumia hereni maalumu ya kubana au bandiko la silikoni. Kuikata tu bila matibabu mengine mara nyingi huirudisha ikiwa kubwa zaidi. Baada ya mshono kufunga vizuri, kovu lolote lisuguliwe taratibu kwa mafuta ya kawaida na likingwe jua kwa kofia au leso, kwa sababu kovu huendelea kubadilika kwa mwaka mzima na jua huliacha na weusi. Krimu za kung'arisha ngozi zisitumike juu yake.

Dalili zifuatazo hazingoji asubuhi. Kifua kuuma, pumzi kukata au kukohoa damu. Mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu. Homa inayopanda na mwili kutetemeka. Maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuwa gumu, kutapika bila kukoma. Bendeji inayolowa damu tena baada ya kubadilishwa. Usaha, harufu mbaya, wekundu au joto linalosambaa kuzunguka mshono; kwa ngozi nyeusi wekundu haujionyeshi vizuri, hivyo mkono uguse kuona joto na ugumu. Kuchanganyikiwa au kuzimia. Anayemwangalia mgonjwa apige namba ya dharura 999 au 112, au ampeleke katika hospitali iliyo karibu zaidi yenye idara ya dharura, iwe ya Kitengela, ya Rufaa ya Kaunti mjini Kajiado au nyingine. Asipite hospitali tatu akitafuta ile ya Nairobi iliyompasua. Aseme ukweli mlangoni: upasuaji gani, siku gani, dawa zipi. Daktari wa zamu hatibu aibu, na kumwambia kwamba mgonjwa alianguka bafuni kunapoteza saa ambazo hazirudi.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kutoka hospitali mgonjwa adai karatasi ya kuruhusiwa. Iwe na jina la upasuaji, jina la daktari, dawa, tarehe ya kutoa nyuzi na namba ya simu inayopokewa usiku. Kliniki isiyotaka kuandika karatasi hiyo imejibu swali kubwa kuliko lililoulizwa. Leseni ya daktari na ya kituo huhakikishwa kwenye orodha za KMPDC, na leseni ya daktari huhuishwa kila mwaka, kwa hivyo cheti cha ukutani cha miaka iliyopita hakitoshi. Saluni, hata yenye viti vizuri na taa nyeupe, si chumba cha upasuaji, na sindano za kujaza midomo au makalio zisichomwe huko.

Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaopita nyumba hadi nyumba wanaweza kuulizwa mahali pa kubadilishia bendeji karibu na nyumbani. Mwenye nyuzi za kutolewa anayeishi mbali na Nairobi amwombe daktari wake barua ya kupeleka kwenye kituo cha afya cha karibu. Barua hiyo itaje idadi ya nyuzi, kwa sababu uzi mmoja uliosahaulika nyuma ya sikio unaweza kuzama chini ya ngozi na kuleta maambukizi.